Mita Mia Tatu Zisizo na Mkoa

Mimi ni dereva. Naanza na hilo mapema ili asije akatokea mtu kusema nilikuwa na maoni. Miaka kumi na tisa nimeendesha lori la Serikali, na lori hili hukaguliwa kila mwezi, kuanzia matairi hadi chini ya kiti. Kama kungekuwa na maoni yoyote humu ndani, yangeshaonekana.

Nchi yenyewe sitaitaja. Mkiijua, sawa. Msipoijua, basi mna bahati, kaeni huko huko mliko.

Nchi hiyo ina mikoa, na mikoa inagombea Kombe. Kombe ni la fedha, lina mikono miwili, na kwenye kitako limechorwa mtoto anayecheka. Kila mwaka hupewa mkoa usio na mtoto mwenye shida hata mmoja. Mtoto mwenye shida, kwa mujibu wa Waraka, ni yule asiye na mzazi, au asiye na pa kulala, au anayepigwa, au anayefanyishwa kazi za mtu mzima. Mkuu wa mkoa unaotwaa Kombe hupandishwa cheo. Mkuu wa mkoa unaokutwa na mtoto wa namna hiyo hushushwa. Kwa hiyo wakuu wetu wa mikoa wanawapenda mno watoto, na hawataki kabisa kuwaona.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Lori langu ndilo pekee la Serikali linalowaka bila kusukumwa, kwa hiyo mikoa huazimana. Wakaguzi wakikaribia Chumvi, napakia watoto wenye shida wa Chumvi nawashusha Vilele. Wakikaribia Vilele, nawapakia tena nawashusha Tambarare. Wakifika Tambarare, Chumvi imeshakaguliwa, nawarudisha. Wakaguzi wanazunguka na watoto wanazunguka, na kwa miaka kumi na moja hawajawahi kukutana. Watoto ni walewale. Wakikua wanashuka wenyewe, wanakuja wengine. Mwaka ninaousimulia walikuwa ishirini na watatu.

Mmoja wao aliitwa Sikudhani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mgongoni alimbeba mdogo wake Kidawa, wa miaka mitatu na nusu. Wazazi wao walifukiwa na maporomoko ya udongo, wote wawili usiku mmoja. Sikudhani alikuwa ameipita barabara ile mara nyingi hata akaijua kunishinda. Alisimama nyuma ya kabini, na kila tulipokaribia pabaya aligonga bati kwa kiganja. "Babu, punguza. Shimo la tatu linakuja." Nikapunguza. Hakuwa anaogopa shimo. Kidawa akiwa amelala hakutaka ashtuke.

*

Siwema Chikopa nilimkuta Chumvi mwezi wa pili, amesimama nje ya ofisi ya mkoa na bahasha ya kaki kifuani. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba hivi, viatu vimepigwa rangi vizuri lakini visigino vimeliwa upande mmoja. Alisomea ustawi wa jamii miaka minne, akachagua upande wa watoto, na wenzake wakamcheka, maana upande wa miradi ndiko kwenye semina na chakula cha mchana. Yeye alikuja kwenye usaili. Mimi nilikuja kupakia.

Ofisi zetu hazina vioo madirishani, kwa hiyo dereva mvumilivu husikia mengi bila kukusudia. Jopo lilikuwa na watu tisa. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole sana.

"Una uzoefu wa miaka mingapi katika kazi hii?"

"Sina, mama. Ndiyo nataka kuanza."

"Kwa hiyo uzoefu huna."

"Nafasi hii haijawahi kujazwa katika mkoa wowote, mama. Nchi nzima hakuna mwenye uzoefu nayo."

"Hilo ndilo tunalolisikitikia," akasema mwenyekiti, akaandika.

Mjumbe mwingine, mzee wa miwani, akamweleza kwamba nafasi ipo, tena ipo kwa miaka kumi na moja, ila haiwezi kujazwa kwa kuwa Chumvi haina mtoto mwenye shida. Siwema akauliza ni nani aliyehakikisha. Akajibiwa kwamba anayewaandikisha watoto wa namna hiyo ni afisa ustawi.

"Na afisa ustawi hayupo."

"Hayupo kwa sababu watoto hawapo. Binti, jambo hili mbona liko wazi?"

Wakati huo watoto ishirini na watatu walikuwa wanapanda lori chini ya dirisha lile, wakubwa wakiwavuta wadogo mikono. Siwema akawanyooshea kidole. "Na wale?"

Wajumbe tisa waligeuka kuangalia. Nami niliangalia pia, nisije nikaonekana mkaidi.

"Wale ni abiria," akasema mwenyekiti.

Alipotoka alinijia moja kwa moja. "Shikamoo mzee. Unaelekea wapi?"

"Marahaba mwanangu. Vilele, kupitia Tambarare."

"Vilele nao wametangaza nafasi. Nauli yangu iliishia hapa."

Nikamfungulia mlango wa kabini. Waraka hausemi chochote kuhusu kabini.

*

Ukitoka Chumvi, uende kokote, lazima uzunguke kando ya kalvati lililobomoka. Zamani mpaka wa Chumvi na Tambarare ulipita juu yake hasa. Lilipobomoka, pakazuka swali la nani alitengeneze. Chumvi wakang'oa kibao chao wakakirudisha nyuma mita mia moja na hamsini, ili kalvati lisiwe lao. Tambarare wakaona hawawezi kushindwa ujanja, nao wakarudisha chao. Tangu hapo ukipita kibao cha KWAHERI CHUMVI unakwenda mita mia tatu huna mkoa, ndipo unakutana na KARIBU TAMBARARE. Hapo katikati kuna kalvati, majani, na mjohoro mmoja.

Nyuma kidogo ya kibao cha Tambarare alikuwapo Tausi, mwanamke wa miaka hamsini, mnene wa mikono, aliyeuza chai na mihogo ya kuchemsha. Nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa nyuma ya banda. Tausi alikuwa shangazi yao Sikudhani na Kidawa, dada wa baba yao, tumbo moja.

Mtu asiyeijua nchi yetu atauliza kwa nini basi asiwachukue. Alishawachukua. Lakini kumpokea mtoto mwenye shida bila Fomu Namba Tisa huitwa kumficha mtoto, na haukupita muda mtendaji wa kata akaja na kufuli. Nyumba ilifungwa majuma mawili, banda likang'olewa, na watoto wakarudishwa kwenye lori. Lori lilikuwa langu. Sikudhani hakulia. Alimfunga mdogo wake mgongoni kwa khanga ya shangazi, akapanda peke yake. Niliona aibu siku ile, na nasema niliona aibu kwa sababu aibu si maoni.

Fomu yenyewe Tausi alikuwa nayo. Aliitunza kwenye kopo la sukari, ndani ya mfuko wa nailoni, na kila lori liliposimama aliwapa watoto uji kisha akaitoa kuiangalia. Siku hiyo alimpa Siwema aisome. Jina la mlezi lilijazwa. Majina ya watoto yalijazwa. Mwenyekiti wa mtaa aligonga muhuri, mganga wa zahanati aligonga, hata mwalimu mkuu aligonga ingawa hakuombwa.

"Panakosekana sehemu moja tu," Siwema akasema. "Muhuri wa afisa ustawi wa mkoa ambao watoto wamo."

"Wa mkoa wowote?" akauliza Tausi.

"Wowote, mradi watoto wawe ndani yake siku ya kugonga."

"Miezi saba natafuta afisa huyo, mwanangu. Chumvi hakuna, Vilele hakuna, hapa kwetu ndiyo usiseme."

Siwema aliirudisha fomu kwenye mfuko wa nailoni taratibu. Kidawa alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, uji umemfika hadi masikioni.

"Shangazi," akasema, "nikipata kazi, mkoa wowote ule, karatasi ya kwanza nitakayoigonga ni hii."

Sikudhani alisikia. Safari iliyobaki hakusimama nyuma ya kabini upande wangu. Alisimama upande wa Siwema.

*

Vilele usaili ulifanyika kwenye uwanja wa mpira. Waombaji elfu moja na mia nne walikaa juani kugombea nafasi moja, wakiandikia mapajani. Swali la kwanza lilitaka sifa kumi za Mkuu wa Mkoa. Swali la pili lilitaka nyingine kumi. Swali la tatu lilihusu watoto, lakini mashine ya kuchapisha ilikuwa imeikata karatasi hapo.

Siwema akawa wa kwanza. Aliponiambia hivyo alitazama chini.

"Sasa umepata," nikasema.

"Nimekuwa wa kwanza, mzee Mkude. Kupata ni kitu kingine."

Ikadhihirika kwamba nafasi ile ilikuwa inakaimiwa na Afisa Mifugo, Bwana Ngairo, kwa mwaka wa tisa, na anayekaimu haondolewi mpaka amalize kukaimu. Bwana Ngairo alikuwa mtu mwema. Alimkaribisha Siwema kiti, akamwambia ukweli.

"Binti, mimi jambo hili silitaki. Nilisomea mbuzi."

"Basi nigongee tu fomu moja, mzee. Hii ya ndugu wawili." Alikuwa ameiazima kwa Tausi.

Bwana Ngairo akafungua droo, akamwonyesha muhuri wake. Ulikuwa umeandikwa MIFUGO. Akasema kwa muhuri ule anaweza kufanya mambo mawili tu kwa watoto: kuwachanja na kuwasafirisha. Hapo nikaelewa karatasi niliyokuwa nikiionyesha polisi wa barabarani miaka yote. Ilikuwa Kibali cha Kusafirisha Mifugo. Idadi: ishirini na tatu. Aina: mchanganyiko. Pembe: hakuna. Sikuwahi kuisoma hadi chini, na waliosimamisha lori hawakuisoma pia.

"Pole sana," akasema Bwana Ngairo, na alimaanisha.

Tambarare ilikuwa mwezi wa sita. Huko Siwema alisailiwa na mtu mmoja tu, kijana aliyekuwa akila karanga, na mambo yakaenda vizuri kuliko kote. Vyeti vilikubaliwa. Uzoefu haukuulizwa. Kilichobaki ni barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa anaoishi.

"Mtaa gani unaishi?"

Siwema akafikiri. Chumba alichokuwa amepanga kilishapata mtu mwingine. Kwa miezi minne alikuwa amelala kwenye mabenchi ya zahanati, kwenye vyumba vya wageni vya misikiti na makanisa, na kwenye kabini yangu mimi nikilala chini ya lori.

"Naishi njiani," akasema.

"Njia ina mwenyekiti?"

"Haina."

"Basi huishi," akasema yule kijana, akamrudishia bahasha.

Siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona amechoka kweli. Alikaa kabini, akavua viatu, akaviweka juu ya bahasha. Akasema angekuwa na akili angesomea miradi. Sikumjibu, maana nilikuwa na akili na nilikuwa nimesomea udereva, na wote wawili tulikuwa kwenye gari moja.

*

Mwezi wa nane Mkaguzi Mkuu, ambaye inasemekana alianza kazi na macho yake mawili, aligundua kwamba kila mkoa hauna watoto wenye shida siku yake tu. Akatoa amri kali. Mwaka huu mikoa yote ihesabiwe siku moja, saa moja.

Wakuu wa mikoa walikutana kwa dharura siku tatu, wakala mbuzi kumi na wanne, wakatoka na jibu. Watoto wangewekwa mahali ambapo si mkoa wa mtu. Nikaamriwa niwashushe kwenye kalvati.

Wakashuka ishirini na watatu, na mablanketi sita, na turubai la lori langu. Siwema akashuka nao. Nilimwambia asubiri nimpeleke kwao, akasema kwao ataenda kusema nini. Alifunga turubai kwenye mjohoro, akawapanga watoto wakubwa na wadogo wawili wawili, akawafundisha kuosha mikono kwa kopo lililotobolewa. Tausi alileta uji mpaka kwenye kibao cha Tambarare na kuuweka chini, na watoto wakauchukua upande wao. Nyumba yake ilionekana kutoka pale. Kidawa alikuwa akiinyooshea kidole na kusema, "Kitanda." Ni hatua ishirini ukitoka kwenye kibao. Nimezipima.

Kisha ikaja amri nyingine. Ili kupunguza msongamano kwenye eneo lisilo na mwenyewe, siku moja kabla ya hesabu watoto wa chini ya miaka mitano wapelekwe mpaka wa kaskazini, na waliobaki wabaki. Mpaka wa kaskazini ni siku mbili kwa lori. Sikudhani alikuwa hapo niliposoma.  Alimtazama mdogo wake, kisha akanitazama mimi, na mimi nikaenda kuangalia matairi.

*

Sasa, nchi yetu haikubali ardhi bila kiongozi. Ilipofahamika kwamba kuna mita mia tatu hazina Mkuu, watu wa juu walisikitika sana. Tena kulikuwa na mheshimiwa mmoja, Bulugu, aliyekosa ubunge na hakuwa na pa kuwekwa. Kwa hiyo, siku tisa kabla ya hesabu, kalvati likatangazwa kuwa mkoa kamili, Mkoa wa Matarajio, na Mheshimiwa Bulugu akaletwa na mahema mawili na bendera.

"Ndugu wananchi," akatuhutubia, na wananchi tulikuwa mimi, Siwema, watoto, na Tausi upande wa pili wa kibao. "Mkoa huu ni mdogo kwa eneo lakini mkubwa kwa dhamira. Wapo watakaosema una kalvati tu. Nami nawaambia, kila safari kubwa hupita juu ya kalvati!"

Tulipiga makofi. Kalvati lilikuwa bado limebomoka, kwa hiyo hakuna safari iliyopita juu yake.

Mkoa ulitakiwa kuwa na maafisa arobaini na mmoja, kwa orodha iliyonakiliwa kutoka mkoa mwingine. Akaja Afisa Bandari. Akaja Afisa Misitu, akakabidhiwa mjohoro. Nafasi zote zilijaa kwa watu waliotumwa na watu, isipokuwa moja iliyokosa mtu wa kuitaka. Ilikuwa ya afisa ustawi wa watoto. Na bila orodha kutimia mkoa usingehesabiwa, na usipohesabiwa usingepata Kombe, na Mheshimiwa Bulugu hakuja kule kwa ajili ya majani.

Sheria ilitaka pia angalau afisa mmoja awe mkazi wa mkoa. Wakatafuta mkazi. Mtu mzima aliyeishi Matarajio zaidi ya mwezi alikuwa mmoja tu, na alikuwa anawachana watoto nywele.

Siwema alipewa barua ya ajira saa mbili asubuhi, siku moja kabla ya hesabu, pamoja na muhuri mpya na kidau cha wino. Akaisoma mara mbili. Hakusema asante. Alivaa viatu, akatembea mpaka kwenye kibao.

"Shangazi, lete."

Tausi alikuwa ameshaleta. Kopo lilianguka, sukari ikamwagika, hakuna aliyeiangalia. Siwema aliiweka fomu juu ya goti, akapuliza muhuri, akagonga. Miezi kumi na minne ya Tausi, miezi saba ya Siwema, na mlio wenyewe ulikuwa mdogo tu. Kisha akawaita, "Sikudhani, mchukue mdogo wako, mwende nyumbani."

Sikudhani alifika kwenye kibao akasimama. Alikuwa amezoea kwamba mtu anayevuka kibao anavuka kwa lori. Tausi hakungoja. Alivuka yeye, akawashika wote wawili, akarudi nao, akilia kwa sauti bila kujificha. Mimi nilikuwa na vumbi machoni. Barabara ile ina vumbi sana.

*

Saa saba Mheshimiwa Bulugu akamwita Siwema hemani na kumpa karatasi ya hesabu. Hema halina hata ukuta, ndiyo kabisa halizuii sauti.

"Hapa, afisa. Idadi ya watoto wenye shida. Andika sifuri, gonga, nenda kapumzike. Umefanya kazi nzuri sana leo."

"Wako ishirini na mmoja, Mheshimiwa."

"Jioni hii lori linawaondoa. Chini ya miaka mitano kaskazini, wengine wanawekwa kati ya kibao chetu na cha Chumvi." Vibao vyetu vipya vilikuwa vimeacha nafasi ya mita kumi na mbili. Lori langu lina tisa.

"Lakini sasa hivi wapo. Nawaona."

"Kuona si kazi yako, binti. Kazi yako ni kuandika."

 Kisha nikasikia kalamu, haikuandika kwa muda mrefu. Kisha muhuri.

Mheshimiwa Bulugu alisoma namba ishirini na moja, akakaa chini. Nadhani hakuamini kwamba mtu aliyetafuta kazi mikoa mitatu anaweza kuipoteza kwa tarakimu mbili. Alimuuliza kwa upole kabisa kama anajua anachokifanya. Siwema akasema anajua, amesomea miaka minne.

Barua ya kufukuzwa ilitoka saa nane mchana. Wakataka na Fomu Namba Tisa itenguliwe, lakini Waraka uko wazi: anayeweza kuitengua ni afisa ustawi wa watoto, na afisa ustawi wa watoto alikuwa ameshafukuzwa. Karatasi ya hesabu nayo ilikuwa na nakala, na nakala ilikuwa imeshapelekwa kwa Mkaguzi kwa pikipiki pamoja na barua ya mwaliko wa chakula. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba Mkaguzi akija na karatasi yake asikute mtoto, aseme ni makosa ya uandishi.

Nikaitwa nipakie.

Nilikwenda kwenye lori. Nilifunua boneti kidogo, kama nifanyavyo kila siku, kisha nikaifunga. Nikaingia kabini nikawasha. Lori halikuwaka.

Miaka kumi na tisa lile lori halijawahi kukataa. Mheshimiwa Bulugu alikuja mwenyewe, akapiga tairi teke. Akaamuru fundi aitwe. Lakini boneti ya gari la Serikali, likishaharibika, haifunguliwi ila na fundi wa mkoa mwenye kibali, na katika maafisa arobaini na mmoja wa Matarajio walikuwapo Afisa Bandari na Afisa Misitu, fundi hakuwapo. Wakaandika barua ya kuomba fundi kutoka Chumvi. Chumvi wakajibu kwamba gari limeharibikia nje ya kibao chao.

Asubuhi wakaguzi walifika, wakahesabu, wakapata ishirini na mmoja. Walihesabu tena, maana ilikuwa mara yao ya kwanza kuona mtoto wakiwa kazini. Mmoja wao, mtu mzima kabisa, alimgusa mtoto bega kwa kidole kimoja.

*

Mheshimiwa Bulugu alishushwa. Amepelekwa ubalozini, na hadi leo anaendelea kushuka huko. Kombe lilikwenda Vilele, na Bwana Ngairo alilipokea kwa niaba ya mkuu wake, amesimama kinyonge.

Lakini sheria ni sheria. Mkoa uliokutwa na watoto wenye shida lazima uwape chakula na mablanketi, na lazima uajiri afisa. Juzi tangazo lilibandikwa kwenye mjohoro, kwa ruhusa ya Afisa Misitu. Nafasi moja, afisa ustawi wa watoto, Mkoa wa Matarajio. Mwombaji awe mkazi, na awe na uzoefu wa kazi hiyo, uthibitisho uambatanishwe.

Siwema alilisoma akiwa amesimama karibu na mimi. Nchi nzima mwenye uzoefu huo ni mmoja, wa saa sita, na uthibitisho wake ni barua ya kufukuzwa. Aliikunjua, akaipiga pasi kwa kiganja juu ya boneti ya lori langu, akaitia kwenye bahasha ileile ya kaki.

"Mzee Mkude," akasema, "posta ni Chumvi mjini. Lori halijapona?"

"Bado, mwanangu."

Alinitazama usoni, kisha akatazama mfuko wa suruali yangu, kisha akatazama turubai ambako watoto walikuwa wakinywa uji.  Akavaa viatu vyake vyenye visigino vilivyoliwa, akaanza kutembea. Sikudhani alikuwa mlangoni kwa shangazi yake anapepeta mchele, mgongo mtupu, kwa sababu Kidawa alikuwa ndani kitandani. Alimwona akipita upande wa pili, akainuka na ungo wake.

"Dada Siwema, pita kushoto. Kulia pana shimo."

Siwema akapita kushoto.

Mimi nipo hapa na lori. Kichuma kinachoshika waya wa betri ninacho mfukoni, kidogo tu, hakizidi kidole gumba. Siwezi kukitoa hivi hivi, maana mimi ni mtumishi na nafuata utaratibu. Siku atakapokuja mtu na fomu ya kukiomba, imejazwa vizuri na kugongwa muhuri wa afisa ustawi wa watoto, nitakitoa.